Kilemba cha Gunia

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo mtu alifungwa kamba mbele ya wakwe zake kwa sababu ya debe moja la viazi. Ilikuwa kule Nyololo, Mufindi, barabara kuu inapopita, na mimi nilikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa hazijaamua kama zitoke au zibaki ndani. Nakusimulia leo kwa sababu juzi hapa mtaani kwetu Soweto nilikuona kwenye kundi lililomzunguka yule kijana aliyemchomolea simu mama muuza maandazi. Hukumpiga, hilo nililiona, mikono yako ilikuwa mfukoni. Lakini jioni ulipopita kunisalimia ulisema, "Mzee wangu, hawa watu wamezaliwa hivyo tu," halafu ukafungua kitabu chako cha sosholojia ukaendelea kujiandaa na mtihani wa chuo huko Iringa. Nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema, ila nilikuwa na njaa, na mimi nikiwa na njaa husema maneno ambayo baadaye huyajutia. Leo nimeshiba. Kaa hapo, sogeza hicho kigoda.

Nililelewa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kijiji kizima kikimwita Bibi Yustina. Alikuwa Mlutheri wa kwaya, sauti ya pili, na mdomo wake hata mchungaji aliuchukulia tahadhari. Alilima viazi kwenye miinuko nyuma ya nyumba, peke yake tangu mume wake afariki, mimi nikiwa msaidizi mvivu kiasi. Asubuhi kule kuna ukungu na baridi ya kukaza vidole, na yeye alikuwa akiingia shambani mimi bado najadiliana na blanketi.

Wewe umezaliwa mjini, viazi unavijua vikiwa chipsi, kwa hiyo ngoja nikueleze tulivyouza. Mnunuzi alikuja na lori lake, magunia yake na mshonaji wake. Mkulima unajaza gunia mpaka mdomoni. Ungedhani hapo limejaa, kumbe bado. Mshonaji anachukua kamba ya katani, anaizungusha mdomoni mwa gunia, anaisuka wavu, na anaendelea kupanga viazi juu kimoja kimoja, mpaka gunia linaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa, na kile kichwa sisi tulikiita kilemba. Bei inabaki ile ile ya gunia moja. Serikali ilikuwa imekataza, ila katazo lilikaa ofisini na viazi vilikaa barabarani, na kiazi kikikaa sana barabarani kinaoza. Basi tukawa tunatazama vilemba vinashonwa juu ya jasho letu, tunasema ni desturi ya soko. Sikuwahi kusikia mtu akikiita kitu kile kwa jina jingine.

Mnunuzi wetu alikuwa Bosi Lukasi, mtu wa tabasamu, na ndiye aliyetoa mabati ya kanisa. Mshonaji wake aliitwa Zabroni. Alikuwa ametoka Usangu kutafuta maisha, hana shamba, hana ndugu Nyololo, amepanga chumba kimoja nyuma ya maduka pamoja na mke wake Tabitha na mtoto wao mchanga. Alilipwa kwa kila gunia aliloshona. Mikono yake ilikuwa na kasi ya ajabu, na kilemba chake kilisimama wima, hakipotezi hata kiazi kimoja njiani. Wakulima walimtania, "Zabroni, leo tuonee huruma kidogo." Yeye alicheka akasema, "Mwambieni bosi, mie nashona tu."

Sasa ikafika habari kwamba wakwe zake wanakuja. Wazazi wa Tabitha, wakulima wa upande wa Makambako, walikuwa hawajawahi kukanyaga kwake tangu amchukue binti yao, na safari hii walikuja kumwona mjukuu na kuangalia binti yao anaishije. Mwanangu, ugeni wa kwanza wa wakwe si jambo la mchezo. Baba mkwe hasemi kitu, anatazama tu, na akirudi kwake anatoa hukumu. Tabitha alikuwa ameshamwambia shangazi yangu kisimani kwamba baba yake ameapa, akimkuta binti yake anaishi kwa kudhalilika, ataondoka naye na mtoto siku hiyo hiyo. Na ndani kwa Zabroni hakukuwa na kiazi hata kimoja. Mtu anaishi katikati ya viazi, anashinda ameshika viazi, halafu wakwe wanakuja na hana cha kuwawekea chunguni. Aibu hiyo watu wa kule wanaijua, na Kiswahili changu hakitoshi kuieleza.

Jioni ya mkesha wa ugeni, magunia ya shangazi yangu yalikuwa yamepangwa kando ya barabara yakisubiri kupakiwa kesho yake. Yalikuwa yameshauzwa, mali ya Bosi Lukasi. Zabroni akasogea, akafungua kilemba kimoja, alichokishona mwenyewe mchana, akamimina viazi vyake kwenye debe, kisha akalifunga gunia vizuri usawa wa mdomo. Akafunika debe kwa koti akaondoka. Hakufika mbali. Dereva wa lori alitupa jicho kwenye mstari wa magunia, akaona yote yana vichwa isipokuwa moja. Akapiga kelele za mwizi.

Mimi nilikuwa naota moto kwa jirani. Niliruka na wenzangu tukakimbia, na miguu yangu siku hiyo ilikuwa myepesi kuliko siku zote za kwenda shambani. Tulimkamata karibu na mlango wake, Tabitha akiwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Mgambo wakamfunga mikono, akalazwa ofisi ya kijiji. Tabitha hakulia. Aliingia ndani akafunga mlango, na hilo lilinikaa kifuani kuliko kama angelia.

Asubuhi watu wakajaa uwanja wa ofisi, Bosi Lukasi na dereva wake wakiwa mbele. Mgambo wakamtoa Zabroni wakamsimamisha katikati, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, ile ile ya kushonea magunia, debe la viazi likiwa miguuni pake kama ushahidi. Wakati mwenyekiti anafungua mkutano, basi la Makambako likasimama barabarani. Wakashuka mzee mmoja mrefu aliyevaa koti kuukuu la suti na mama aliyejitanda kitenge, wamebeba kuku na kikapu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni kina nani. Tabitha akawaendea, akapiga magoti kuwasalimia, akashindwa kuinuka. Mama yake akamwinua. Mzee akatazama uwanjani, akamwona mkwe wake alivyosimama, akaja akakaa kwenye ukingo wa benchi bila neno.

Mkutano ulikuwa mfupi mwanzoni, maana kila mtu alishaamua. Afukuzwe kijijini leo leo, vyombo vyake vitolewe nje, polisi wafuate baadaye. Wenye sauti kubwa zaidi walikuwa wale wenye mashamba makubwa, lakini nisikufiche, hata wapakiaji wenzake walipiga kelele, labda ili wasije wakatazamwa wao. Rafiki yake Atanasio, aliyekuwa akibeba magunia kwenye lori hilo hilo, ndiye peke yake aliyekaa kimya.

Hapo shangazi yangu akasimama. Alikuwa na gumboti zenye udongo, ametokea shambani moja kwa moja.

"Kamwene nyote," alitusalimia kwa lugha ya kwetu. "Mwenyekiti, mie naomba hiyo gunia iliyoibiwa iletwe hapa."

Watu wakaguna, lakini vijana wawili wakalivuta gunia mpaka katikati. Likasimama pale, limejaa hadi mdomoni, limefungwa vizuri. Shangazi akalizunguka polepole. Akamgeukia dereva.

"Baba, umesema hii imepungua. Imepungua wapi?"

"Haina kilemba, bibi."

"Kumbe gunia yenyewe imejaa?"

"Imejaa, ndiyo."

"Kwa hiyo kilichoibiwa ni kilemba. Lukasi alininunulia kilemba kwa bei gani?"

Dereva akamtazama bosi wake. Bosi Lukasi akatazama viatu vyake. Shangazi yangu akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyotumia kuniambia nikaoshe vyombo.

"Jana asubuhi hivi viazi vilikuwa vya kwangu. Nimevilima mie, mgongo huu mnauona. Mchana Zabroni akanivua akampa Lukasi, mkasema kazi nzuri, mkamlipa. Jioni mikono hiyo hiyo ikavua kwa Lukasi ikampelekea Tabitha, mkaleta kamba. Sasa mie nauliza, siku zote hizi nilipokuwa navuliwa, kamba ilikuwa wapi?"

Halafu, mwanangu, akanitafuta kwa macho kwenye umati mpaka akanipata. "Na wewe mtoto wa kaka yangu. Jana ulikimbia vizuri sana. Ukiona mtu ananishonea kilemba, mbona hujawahi kukimbia hivyo?"

Niliinamisha uso. Hadi leo nikisikia watu wanapiga kelele za mwizi barabarani, swali hilo linaniita kabla sijanyanyua mguu.

Mwenyekiti alimsogelea akamnong'oneza, ila kwa kuwa alikuwa mzito wa masikio yeye mwenyewe, alinong'ona kwa sauti tukasikia sote. "Bibi Yustina, tafadhali. Lori hili likiondoka tupu, viazi vya kijiji kizima vinaoza." Na hapo ndipo ukweli ulipokuwa. Hatukuwa wajinga, tuliijua lumbesa ni dhuluma. Tulimwogopa Bosi Lukasi, na hatukumwogopa Zabroni. Hasira yote tuliyoshindwa kumpelekea mwenye lori tulikuwa tumeitunza, na siku hiyo akapatikana mtu asiye na shamba wala ndugu wa kumtetea, tukaimwaga kwake.

Bosi Lukasi naye akaomba kusema, na namsifu kwa hilo. "Mama, mimi si mtu mbaya. Huko sokoni Dar nikishusha gunia bila kilemba, wananicheka, wanaenda lori la pili. Na wao wana wakubwa wao. Mimi pia napimwa na mwenye nguvu kuliko mimi." Nilimwamini, na bado namwamini. Ila niliona kwamba kila mtu katika ule mnyororo alikuwa na mtu wa juu wa kumsingizia, na Zabroni peke yake, aliyekaa chini ya wote, ndiye alikuwa amesimama na mikono imefungwa.

Shangazi akamgeukia Zabroni. Usidhani alikuja kumbembeleza.

"Na wewe, umeiba. Umefanya kwa kujificha, umefunika na koti, ulijua ni vibaya. Kwa nini hukuniomba? Mie ningekunyima viazi?"

Zabroni alisema taratibu, akimwangalia yeye tu. "Usingeninyima, mama. Lakini mie hapa naomba kila siku. Nimeomba chumvi, nimeomba kuni, hata ndoo ya maji naomba. Siku ya wakwe nilitaka nisiombe."

Watu wengi pale walikuwa na njaa zao, lakini hii haikuwa njaa ya tumbo. Mtu alitaka, kwa siku moja, kuonekana baba mwenye nyumba. Sisi wote tulitaka hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na kijishamba cha kutupa heshima hiyo bila kuiba.

Mwenyekiti akaomba watu washauriane. Ikakubalika, kwa mabishano mengi, kwamba Zabroni asifukuzwe, atazibua mitaro ya barabara ya kijiji msimu mzima wa mvua, na mambo ya polisi yaishe iwapo Bosi Lukasi ataridhia. Bosi akapunga mkono kwamba ameridhia. Lakini watu wote bado walikuwa wanamtazama yule mzee kwenye ukingo wa benchi, maana kijiji kinaweza kumwacha mtu abaki na chumba chake na bado akabaki bila mke wala mtoto.

Mzee akasimama. Akaenda mpaka kwenye gunia, akaweka kiganja juu yake, pale ambapo kilemba kilikuwa.

"Wewe ndiye unashona haya?" alimuuliza Zabroni.

"Ndiyo, baba."

"Na kule kwetu wanashona hivi hivi. Nimelima toka ujana, sijawahi kusikia mtu akiuliza hicho kichwa ni cha nani." Akamgeukia shangazi yangu. "Mama, na hili debe sasa ni la nani?"

"Lukasi hajalilipia," shangazi alijibu. "La kwangu. Nawapa nyie, wageni."

Mzee akainama, akalinyanyua debe lile mwenyewe, akaliweka begani juu ya koti lake la suti. "Mfungueni huyo," aliwaambia mgambo. "Tumetoka mbali, tuna njaa. Nataka nikale kwa mkwe wangu."

Alisema mkwe. Sisi tuliozaliwa kule tulijua amesema nini, kwa sababu mzee akila kwa mkwe wake amemkubali, na kwake hatarudi na binti. Tabitha hapo ndipo alipolia. Shangazi yangu akarudi shambani bila kumtazama mtu, nami nikamfuata, na siku ile nililima vizuri.

Ungependa niishie hapo, nakuona. Lakini wiki iliyofuata vilemba vilirudi, vinashonwa na mtu mwingine. Bosi Lukasi alimwachisha Zabroni kazi, na viazi vya shangazi alivipita msimu ule mzima, vikachipua stoo tukavila wenyewe hadi nikavichukia. Na Zabroni, ingawa alimaliza mitaro yake kwa uaminifu, kuku wa mtu akipotea macho yalikwenda mlangoni kwake kwanza. Watoto walimwita Debe. Kila asubuhi shangazi alipomwona mtaroni alisimama barabarani akamwamkia kwa sauti, kwa jina lake na la ukoo wake, ili waliokuwa wanapita wasikie. Wengine walianza kumwamkia vile vile, si wote. Mwishowe baba mkwe alimkatia kipande cha shamba kule kwake, wakahama, na nilimwona mara kadhaa baadaye akiuza viazi vyake mwenyewe, ananipigia mluzi toka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyenipa habari kwamba ameshika cha mtu tena. Shamba lilifanya kazi ambayo kamba isingeifanya.

Mimi baadaye nilisomea ustawi wa jamii, nikafanya kazi na vijana waliokuwa wanapelekwa mahakamani, mpaka nilipostaafu. Chuoni nilifundishwa yale unayosoma wewe. Kwamba jamii humwonyesha kila mtu mafanikio yale yale, halafu njia ya kuyafikia inawapa wachache. Kwamba wenye mali wana mkono mkubwa katika kuamua kipi kiitwe kosa na kipi kiitwe biashara. Kwamba ukimpa mtu jina la mwizi ukamrudia nalo kila siku, unamfungia milango mingine yote. Nilipoyasoma nilimwona Zabroni kila ukurasa. Lakini pia nilimwona Atanasio, aliyekuwa maskini vile vile, amebeba magunia yale yale, wala hakugusa kiazi cha mtu. Kwa hiyo usije ukajibu kwenye mtihani, wala kwenye maisha, kwamba umaskini unaiba. Umaskini unamsukuma mtu mpaka ukingoni, na mtu mwenyewe ndiye huamua. Ila aliyesukumwa na ambaye hajasukumwa usiwapime kwa mizani moja.

Na machozi ya yule mama wa maandazi usiyapite. Simu ile ndiyo iliyokuwa ikimletea oda zake, naye ni mnyonge kama aliyemwibia. Wanyonge huibiana mara nyingi kwa sababu ndio wanaofikiana. Mtetee yeye pia, simu yake irudi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukisikia mtu anaitwa mwizi, usiwe mwepesi wa miguu. Uliza kwanza kitu kilichochukuliwa, uliza kabla ya hapo kilitoka kwa nani, uliza nani mwingine anachukua mchana tukimwamkia kwa heshima. Kosa liitwe kosa, aliyekosa alipe, lakini abaki na mahali pa kurudi. Na yule kijana wa juzi ameachiwa jana, yuko kwa bibi yake mtaa wa pili, anaogopa kutoka nje. Hujaniuliza anaitwa nani. Kesho asubuhi pita pale, ukaulize jina lake, kisha umwamkie kwa hilo jina barabarani, watu wakisikia.

Mungu akupe riziki ya halali inayokutosha, na moyo usiodharau isiyomtosha mwenzako. Usome ufaulu, uheshimiwe bila kumkanyaga mtu, na milango utakayobisha ifunguliwe. Amina. Haya, inuka ukapumzike, kesho una safari ya mtaa wa pili.